Hapa Hakuna Mtu

Mama yangu alikuwa na tabia ya kukohoa kabla hajaingia bomani. Haukuwa ugonjwa, siku hizo. Alikuwa anatoka lagani, kwenye mto mkavu tunakochimba maji, na mtungi kichwani, na akifika kwenye ua wa miiba anakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu wa tumbaku, ili mbuzi wasishtuke na sisi tujue ni yeye. Baba alikuwa anacheka. Alisema mwanamke huyu hata akifa atapiga hodi.

Alikufa kwa kifua wakati mimi ni msichana wa kuchunga. Akazikwa ndani ya boma, pale mbuzi walipokuwa wanalala, na hapo lazima nieleze, kwa sababu mambo yote ninayoandika yanatoka pale. Kwetu Waturkana zamani haikuwa kila mtu anachimbiwa. Mtoto akifa, kijana akifa, alibebwa porini akaachwa. Aliyechimbiwa ni mzee mwenye boma, au mama aliyezaa na kulea mpaka boma likasimama. Kuchimbiwa ilikuwa ni kuambiwa na watu wote kwamba wewe ulikuwa mtu. Bibi yangu ndiye alisimamia. Tulibeba mawe kutoka lagani tukayapanga juu yake, na juu kabisa bibi akaweka jiwe la mama la kusagia tumbaku. Lilikuwa na shimo katikati kwa kusagiwa miaka mingi, na ukingo wake mmoja ulimeguka siku punda alipoliangusha. Halafu tukahama, maana boma lenye kaburi huachwa. Lakini anayelijua kaburi akipita husimama, huweka kipande cha tumbaku juu ya mawe, husema neno moja mawili na mwenye kaburi, ndipo aendelee na safari yake.

Baadaye wavamizi walitukuta kaskazini, asubuhi. Mimi nilikuwa nimetumwa maji. Niliporudi hakukuwa na mbuzi, na baba na kaka zangu wawili walikuwa wamelala pale pale walipokuwa wamesimama. Hawakuchimbiwa. Nani angewachimbia? Nilitembea na mtungi wangu mpaka nikakutana na watu wa Kakuma, wakanipeleka misheni, nikapewa uji, nikasoma mpaka darasa la nne, na hayo ndiyo masomo yangu yote. Kwa hiyo watu wakiniambia kaburi ni kaburi tu, nawaangalia. Wao wana makaburi mengi. Mimi nina moja.

Wakimbizi walipokuja, Kakuma iligeuka mji bila kuomba ruhusa. Nimeona miji mingine siku hizi kwenye simu ya binti yangu, mikubwa, yenye watu wa kila rangi, na sioni ajabu. Sisi tulikuwa na Mhabeshi anayekaanga kahawa mlangoni, Msomali mwenye duka la jumla lenye kila kitu mpaka matairi, Wakongo wanaosuka nywele huku wanaimba nyimbo za kanisa, Wasudani warefu wenye alama kwenye paji la uso, na Warundi waliolima sukuma wiki kwenye maji ya kuogea. Ukitembea barabara moja ulikuwa unasalimiwa kwa lugha tano. Na kwenye barabara hiyo hiyo, aliyebeba kuni ni Mturkana. Aliyebeba maji ni Mturkana. Anayefua nguo, anayemwaga taka, anayekaa nyuma ya hoteli akingoja mabaki, ni mwenye nchi. Mgeni alikuwa na kadi ya chakula, na mimi nilikuwa na ardhi. Ardhi ile hailiwi.

Siwalaumu wageni. Waliletwa na vita kama mimi. Ninaowalaumu nawajua. Majina yao siandiki, na si kwa heshima. Wana watoto, na watoto wengine ni wazuri. Lakini nitawataja kwa kazi zao, na yeyote aliyekaa Kakuma miaka hiyo atawajua.

Wa kwanza ni msaidizi wa chifu. Mturkana mwenzetu, mwenye fimbo nyeusi na saa mbili mkononi, moja haifanyi kazi.

Kaburi la mama, pale boma letu la zamani lilipokuwa, lilikuwa nje ya safu ya mwisho ya nyumba za kambi, karibu na mti mmoja wa mswaki. Nilikuwa napita pale kila nikienda kuni. Siku moja tukaitwa mkutano. Watu wa shirika la wakimbizi walitaka kuongeza nyumba upande ule. Wageni hao wa shirika walikaa kwenye viti chini ya turubai, sisi tukakaa chini kwenye jua, tukagawiwa soda moto. Mkubwa wao, mzungu mwenye kofia pana, aliuliza kwa Kiingereza kama kuna watu wanaotumia ile ardhi. Msaidizi wa chifu hakutuuliza. Alijibu mwenyewe, halafu akatugeukia akasema kwa lugha yetu, "Nimewaambia hapa hakuna mtu. Ni mawe tu."

Nikasimama. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nikasema, "Mama yangu yuko pale."

"Kaa chini."

"Waambie. Waambie mama yangu yuko pale chini ya mawe."

Aliniangalia, akacheka kidogo, akawageukia wageni akasema maneno yake. Wageni nao wakatabasamu. Yule wa kofia akanitikisia kichwa, hivi, kama mtu anayekubali. Kiingereza changu cha darasa la nne kilitosha. Alikuwa amewaambia kwamba huyu mama anaomba kazi.

Na kazi nikapewa. Hilo ndilo watu hawaamini nikiwasimulia. Walipoanza kujenga waliniita nibebe maji ya wajenzi, kwa sababu nilikuwa nimeomba mbele ya watu. Nilibeba. Nyumbani tulikuwa tunakula matunda ya mkoma, yale unayotafuna mpaka meno yanauma na tumbo bado linauliza. Sitaki mtu anihukumu kwa hilo. Waulizeni walionipa.

Wa pili ni mkandarasi. Huyu alitoka huko chini tunakokuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nje yake. Mtu mnene, mcha Mungu, alianza kila siku ya kazi kwa maombi. Alitaka mawe ya msingi wa ukuta wa ofisi, na mawe ya karibu yalikuwa yale. Nilimfuata nikamwambia kwa Kiswahili, pole pole, ili asiseme hakusikia.

"Mzee, yale mawe ni ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu. Amelala hapo."

"Msalaba uko wapi?" Akaangalia huku na huku. "Mama, mimi nimezika wazazi wangu wote wawili. Kaburi naijua. Kama hakuna msalaba, jiwe ni jiwe."

Nilikwenda lagani kuchota. Niliporudi na maji lori lilikuwa limeondoka na mahali pale palikuwa tambarare, pamechorwa mistari ya chokaa. Wajenzi wakasema mama leta maji, saruji inakauka.

Na mwenye kofia pana, huyo ni wa tatu. Sijui kama ana kosa kubwa. Aliuliza swali, akajibiwa, akatabasamu. Lakini alikuwa na macho, na mimi nilikuwa ninalia. Mtu anayeomba kazi halii hivyo.

Nyumba zilipojengwa sikupajua tena. Zilikuwa zinafanana, mabati na udongo, mabati na udongo, na mti wa mswaki ulikatwa kuni siku za kwanza kabisa. Nilijaribu kuhesabu kutoka kwenye kisima, wakahamisha kisima. Miaka ikaenda. Nilikuwa napita kati ya zile nyumba na makaa yangu ya kuuza kichwani, na kila mara naangusha kipande kidogo cha tumbaku, hapa kidogo, pale kidogo, kama mtu anayepanda mbegu. Nilifikiri kimoja kitamfikia. Watoto wakaniita Mama Tumbaku. Walikuwa wananifuata nyuma wakikohoa kwa mzaha, bila kujua wanachokifanya. Mara ya kwanza niliposikia kile kikohozi mzigo ulinianguka.

Wateja wangu wa makaa walikuwa wengi, lakini mmoja nilimzoea. Mwanamke wa Sudani Kusini, mjane, mrefu mpaka aliinama mlangoni kwake mwenyewe. Alipika chai na asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa samaki wakavu kutoka ziwani Longech, na waendesha pikipiki walijaa kwake mchana. Ulimi wake ulikuwa mkali.

"Wewe Turkana," alikuwa ananiambia, "leo umeniletea makaa ama mawe?"

"Mawe mlishabeba yote. Hayo ni makaa."

Anacheka, ananipa chai. Mara nyingi alinipa na chakula. Nilikuwa nakaa chini, yeye kwenye kiti, ndivyo ilivyokuwa Kakuma, hata kati ya watu wanaopendana. Alikuwa anaona aibu kwa hilo kuliko mimi, na siku nyingine alishuka akakaa chini pia, miguu yake mirefu ikajaa jiko lote.

Siku moja baada ya saa za chakula, wateja wamebaki wawili watatu, jua limekaa juu ya mabati mpaka yanalia, aliniuliza, "Ya mama, wewe si umezaliwa hapa?"

"Hapa hapa."

"Basi niambie. Hapa kwangu kuna mtu."

Nikaweka kikombe chini.

"Usifikiri mimi ni mwendawazimu. Nimekaa na hii siri siku mingi. Mchana kama sasa, watu wakienda, mtu anakohoa pale." Akaonyesha kona, nyuma ya pipa la maji. "Mara moja tu. Nikienda kuangalia, hakuna. Pasta alikuja kuomba, amemwaga maji, amepiga kelele, mpaka jirani wamekuja. Kesho yake, anakohoa tena."

"Anakohoa namna gani?"

"Kavu. Kama mtu anataka kuingia lakini ana adabu. Mimi sasa nasema karibu. Haingii."

Nilikuwa naangalia mafiga yake. Nilikuwa nimeyaangalia kila siku miaka mingi, mawe matatu meusi kwa masizi, kama ya kila mtu. Mawili yalikuwa ya mviringo. La tatu lilikuwa bapa na lilikaa vibaya, ameliegemeza kwa kipande cha tofali kwa sababu ukingo mmoja haukuwepo.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Hii? Nimeikuta hapa hapa, siku wamenipa nyumba. Wajenzi waliacha. Nyingine yote gari ilibeba."

"Lipindue."

"Sufuria iko moto."

"Nakuomba, lipindue."

Kuna kitu aliona usoni mwangu. Alitoa sufuria, akavuta moto, akalisukuma lile jiwe kwa mwiko mpaka likalala upande wa pili. Upande uliokuwa chini haukuwa na masizi. Shimo lilikuwepo. Nilingoja kidogo lipoe, sikungoja vya kutosha, nikaweka vidole vitatu ndani, pale mkono wa mama ulipokuwa unazunguka. Niliungua na sikuvitoa.

Nilimwambia yote. Boma, bibi, lori, kazi ya maji. Alisikiliza amesimama, kichwa kimeinama chini ya mabati. Nilipomaliza alichukua jagi la maji akamwaga kwenye moto uliobaki.

Kijana mmoja wa pikipiki, Mkongo, akalalamika. "Mama, njo nini sasa? Miye niko na njala."

"Chakula imeisha."

"Imeisha wapi? Sufuria naiona."

"Imeisha, nimesema. Mwenye nyumba amekuja."

Yule kijana akaniangalia mimi, mama wa makaa, miguu imepasuka, akatafuta mwenye nyumba nyuma yangu.

Tulibeba jiwe sisi wawili tukaliweka kwenye kona, tukasogeza pipa. Mawe mengine hayakuwepo, yako ndani ya ukuta wa ofisi mpaka leo, na watu huegemea pale wakingoja kuitwa. Yule mama aliokota vipande vya tofali na kokoto akavipanga kuzunguka. Alipanga vizuri, kama mtu aliyetaka kufanya kazi hiyo siku nyingi. Nikamuuliza kama kwao wanapanga hivyo. Akasema kwao wanafanya tofauti, lakini yeye hakufanya chochote. Mama yake alibaki chini ya mti njiani, wakati wa kukimbia, wakamfunika na shuka na kuendelea.

"Wako umepata," alisema. "Wangu hata mti sijui ni gani."

Niliweka tumbaku. Yeye akaweka kipande cha samaki, akasema malesh, mama, samahani nimekuchoma miaka yote hii.

Tangu siku ile, jiko lake alilihamishia nje, kwenye jua, na wateja wakalalamika sana kuhusu joto. Hakumsikia tena yule anayekohoa. Na nitaandika jambo linaloniuma kuliko lori. Mimi sijawahi kumsikia. Nimekaa kwenye ile kona mchana mwingi, masikio wazi kama mbwa. Mama yangu alipiga hodi kwa mgeni miaka yote hiyo, na kwangu hakukohoa hata mara moja. Labda alikuwa anajua kwamba mimi sina nyumba ya kumkaribisha.

Chakula cha kambi kilipopungua, yule mama alihamia Kalobeyei kwa dada yake, wapate kulima kidogo. Nilitaka kuchukua jiwe nije nalo Lodwar, maana binti yangu alikuwa ameolewa huku na ananiita. Alinikatalia kabisa.

"Ukibeba jiwe, yeye atabaki hapa na nani?"

Nyumba aliichukua Mhabeshi wa kahawa. Yule mama alimsimamisha kwenye kona, mimi nikiwepo, akamwambia hii kona si yako, usiweke gunia, usiweke kiti. Yule Mhabeshi hakuuliza maswali mengi. Sasa anamwaga kikombe cha kwanza cha kahawa pale kila asubuhi, na tumbaku wananiwekea waendesha pikipiki, hata yule Mkongo wa njaa. Watu wasiojua lugha yake ndio wanaomtunza. Wa lugha yake ndiye alimuuza.

Na huyo, msaidizi wa chifu, ndiye jirani yangu sasa. Lodwar nakaa karibu na barabara, nasuka vikapu vya mkoma, na nikiinua kichwa naona nyumba zake za kupangisha, safu ndefu ya matofali yenye tangi la maji juu. Ndani kuna walimu, Wasomali wa duka, wauguzi kutoka Kenya, kila kabila. Sisi tunaosuka tunanunua maji kwenye bomba lake. Amestaafu. Fimbo nyeusi bado anayo, saa zimebaki moja. Kanisani anakaa mbele.

Mwaka huu alikuja kwenye vikapu vyangu. Nilifikiri anataka kununua.

"Ejok, mama," akanisalimia.

Niliendelea kusuka.

Akasimama, akashuka pole pole kwenye fimbo, akakaa kwenye jiwe. "Nasikia wewe huenda Kakuma mara kwa mara."

"Huenda."

Alitoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Harufu niliijua kabla hajafungua. Tumbaku nzuri, ile ghali. "Nipelekee hii."

"Nimpelekee nani?"

"Si unajua."

"Sijui. Niambie."

"Yule mama." Alikuwa anaongea chini kabisa, anaangalia barabarani. "Silali vizuri. Nimekwenda hospitali, wamepima kila kitu. Mpelekee tu, mwambie ni yangu."

"Mama gani, mzee? Pale hakuna mtu. Ni mawe tu. Ulisema wewe, na wazungu wakasikia."

Wanawake wenzangu wa vikapu walikuwa wameacha kusuka wote. Yeye alisugua magoti yake.

"Ilikuwa kazi," akasema.

"Basi twende. Usimame pale kwenye kona, mchana, watu wa Kakuma wameitwa kama ulivyowaita siku ile, useme kwa mdomo wako kwamba hapa kuna mtu. Halafu tumbaku uiweke mwenyewe. Mimi nitakushika mkono usianguke."

"Watu watanionaje?"

Nikarudi kwenye ukili wangu. Alikaa kidogo, akainuka, akaondoka, lakini tumbaku aliiacha ndani ya kikapu kimoja. Wenzangu walisema niitupe. Mmoja akasema niitafune mwenyewe, ni ya bei. Sikuitupa na sikuitafuna. Iko ndani ya nyumba, juu ya ukuta, na nyumba yote inanuka mama yangu.

Sasa amezoea kuja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kifua chake kimeharibika. Mimi nikiwa ndani nasikia mtu anakohoa nje ya ua, mara moja, kikavu, na kila siku moyo wangu unaruka kama wa mtoto. Nasimama, natoka na majani ya mkoma mkononi, na ni yeye, amekaa kwenye jiwe lake.

"Umeenda?" ananiuliza.

"Bado," namwambia. "Nakungoja wewe."